Ng'ombe Aliyehesabiwa Kabla ya Kupimwa

Kwa zaidi ya miaka 20 ng'ombe wa kienyeji wa Afrika alikuwa na namba moja tu katika vitabu vya tabianchi. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1996 ulimwandikia kilo 32 za methani kwa mwaka. Ule wa mwaka 2006 ukapunguza moja, zikawa 31. Methani ni gesi inayotengenezwa na vijidudu ndani ya tumbo la kwanza la mnyama anayecheua, na sehemu kubwa humtoka kwa mdomo, si kwa nyuma kama wengi wanavyodhani. Namba 31 ilikuwa ya zebu wa Shinyanga, na ilikuwa ya ng'ombe wa Mmasai anayetembea kutwa akitafuta maji. Ilikuwa pia ya ng'ombe wa Misri na wa Mashariki ya Kati, kwa kuwa jedwali liliwaweka wote katika safu moja. Ilipatikana mezani, kwa kukadiria uzito wa mnyama, chakula anachokula na jinsi anavyokimeng'enya.

Tufanye hesabu ndogo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, karibu wote wa asili. Chukua milioni 30 kamili, zidisha kwa 31: unapata tani 930,000 za methani kwa mwaka. Mwaka 2019 mwongozo ulifanyiwa marekebisho, na ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa akapewa kilo 52. Zidisha tena: tani 1,560,000. Tofauti ni tani 630,000, na kwa kuwa kilo moja ya methani sasa huhesabiwa kuwa sawa na kilo 28 za hewa ukaa, tofauti hiyo inalingana na tani milioni 17.6 za hewa ukaa. Hakuna ndama aliyezaliwa. Hakuna ng'ombe aliyebadilishiwa malisho. Jedwali ndilo lililobadilika, na nchi inayolitumia inaonekana kuchafua hewa zaidi ya jana.

Dunia haikufika hapo kwa siku moja. Ni historia ya zaidi ya nusu karne, na ndani yake wamo watu waliopigania jambo lisilo na umaarufu wowote: kwamba namba ya gesijoto isiandikwe peke yake, iandikwe pamoja na kiasi cha shaka iliyomo.

Upimaji wa hewa yenyewe kwa uhakika ulianza Machi 1958, pale Charles David Keeling, mkemia wa Marekani, alipoanza kusoma kiasi cha hewa ukaa katika mlima Mauna Loa, Hawaii. Kipimo cha mwanzo kilikuwa karibu sehemu 313 katika kila sehemu milioni za hewa. Mwaka baada ya mwaka mstari wake ulipanda, ukishuka kidogo kila majira ya mimea kuchipua kaskazini ya dunia, kisha ukapanda tena zaidi ya pale ulipoanzia. Kipimo hicho hakikuwa na ubishi mkubwa. Lakini hewa haina mipaka wala pasipoti. Mauna Loa ilisema gesi inaongezeka. Haikusema ni tani ngapi zimetoka Ujerumani na ngapi zimetoka Brazili.

Kulijua hilo kulihitaji makaratasi. Mwaka 1973 Keeling mwenyewe alichapisha makadirio ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na chokaa inayochomwa viwandani kutengeneza saruji, akitegemea takwimu za Umoja wa Mataifa. Kazi hiyo iliendelezwa na Ralph Rotty na Gregg Marland huko Oak Ridge, Tennessee. Njia yao ni rahisi kueleza: chukua tani za fueli iliyotumika, zidisha kwa kiasi cha kaboni kilichomo, kisha kwa sehemu inayoungua kweli bila kubaki masizi au majivu. Kila tani 12 za kaboni zikiungua huzaa tani 44 za hewa ukaa.

Ugumu umo ndani ya kila kizidisho. Makaa ya mawe hayafanani. Ya mgodi mmoja yamejaa kaboni, ya mgodi wa jirani yana udongo na unyevu. Nani aliyepima tani? Ni mgodi uliochimba, au kiwanda kilichonunua? Je, mafuta yaliyoingizwa bandarini yalichomwa mwaka huo huo au yalilala kwenye matangi? Mwaka 1984 Marland na Rotty walichapisha hesabu zao za miaka 1950 hadi 1982, na wakaandika waziwazi kwamba jumla yao ya dunia nzima inaweza kuwa imekosea kwa asilimia 6 hadi 10. Hapakuwa na mkataba wowote wa kuwalazimisha kusema hivyo. Ninawaheshimu kwa mstari huo mmoja kuliko kwa majedwali yao yote, kwa sababu mtu anayetoa hesabu ya dunia nzima ana kishawishi kikubwa cha kuificha shaka yake ili aaminike.

Kisha ikaja Rio de Janeiro, Juni 1992. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi, ulioanza kutumika tarehe 21 Machi 1994, uliitaka kila nchi mwanachama iandae hesabu ya taifa ya gesijoto inazozalisha na zile zinazofyonzwa na misitu na udongo wake. Kilichokuwa kazi ya watafiti wachache kikawa wajibu wa serikali. Nchi nyingi hazikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kufanya hesabu ya aina hiyo. Ndiyo maana jopo la wanasayansi la IPCC, likishirikiana na jumuiya ya nchi tajiri, OECD, na Shirika la Kimataifa la Nishati, liliandaa mwongozo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1995, lililorekebishwa likatoka mwaka 1996.

Mwongozo ule uliweka ngazi. Ngazi ya kwanza ni ya nchi isiyo na vipimo vyake: hesabu ng'ombe wako, hesabu lita zako za dizeli, kisha azima kizidisho kutoka kwenye jedwali. Ngazi ya pili inadai vizidisho vilivyopimwa nchini mwako. Ya tatu inadai vipimo vya kina na mifumo ya kompyuta inayofuatilia chanzo chenyewe. Mpango huo ulikuwa wa huruma na wa busara, kwani bila ngazi ya kwanza nchi maskini zisingekuwa na hesabu kabisa. Lakini utafiti mwingi uliolisha majedwali hayo ulifanyika Ulaya na Amerika Kaskazini. Afrika ilipewa makadirio, na makadirio yakishachapishwa kwenye jedwali huanza kusomwa kama vipimo.

Tarehe 11 Desemba 1997, huko Kyoto, Japani, hesabu hizi zilianza kugeuka kuwa sheria. Nchi zilizoendelea zilikubali kwa pamoja kupunguza gesijoto kwa angalau asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990, katika kipindi cha 2008 hadi 2012. Swali likazuka kati ya wanatakwimu: tunapunguza asilimia 5 ya kitu tunachokijua kwa usahihi gani?

Jibu la Kristin Rypdal wa Norway na Wilfried Winiwarter wa Austria lilitoka mwaka 2001. Walilinganisha hesabu za nchi tano zenye takwimu bora duniani, yaani Austria, Norway, Uholanzi, Uingereza na Marekani, wakakuta jumla za kila nchi zina shaka ya kati ya asilimia 5 na 20. Sehemu kubwa ya shaka hiyo haikutoka kwenye mitambo ya umeme wala magari. Ilitoka shambani: naitrasi oksaidi inayopanda kutoka kwenye udongo uliowekwa mbolea, gesi inayobadilika kwa mvua, kwa joto, kwa aina ya udongo, hata kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Kwa hiyo nchi iliweza kutimiza ahadi yake yote na bado upungufu ule ukamezwa na upana wa shaka.

Wapo waliotaka kuitumia hoja hiyo kuupinga mkataba wote. Walikosea, na sababu yake yafaa kuelezwa taratibu. Wazee wetu wa pwani waliuza na kununua nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi ya mji mmoja haikulingana na ya mji wa pili. Hata hivyo mama aliyenunua mchele duka lile lile, kwa pishi ile ile, alijua vizuri kama mwezi huu nyumba imekula kidogo kuliko mwezi uliopita. Hakuujua uzito kamili, ila mwelekeo aliujua. Gesijoto ni vivyo hivyo: kama kizidisho kimekosea kwa kiasi kile kile mwaka 1990 na mwaka 2010, kosa hilo kwa sehemu kubwa hujifuta unapolinganisha miaka hiyo miwili. Mwelekeo hujulikana vizuri kuliko jumla.

Mwaka 2000 IPCC ilikuwa tayari imetoa mwongozo wa nyongeza uliozitaka nchi zikadirie shaka ya kila chanzo na kuijumlisha, ama kwa kanuni fupi ya hesabu au kwa kuifanya kompyuta irudie hesabu nzima maelfu ya mara kwa namba zinazobahatishwa ndani ya mipaka yake. Mjini Laxenburg, Austria, watafiti wa taasisi ya IIASA kama Sten Nilsson na Matthias Jonas walitaka hatua zaidi: shaka yenyewe iingie katika kuamua kama nchi imetimiza ahadi. Hilo halikukubaliwa. Namba ya katikati ndiyo iliyoendelea kuhukumu, na upana wake ukabaki kwenye viambatisho ambavyo wachache hufika kuvisoma.

Kinga ya pishi ile ile ina sharti moja gumu: muuzaji asibadilishe pishi. Hapo ndipo kisa cha China kinapoanza.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 takwimu rasmi za China zilionyesha kwamba matumizi ya makaa ya mawe yanashuka, ingawa uchumi ulikuwa unaendelea kukua. Mwaka 2001 David Streets na wenzake walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyotokana na takwimu hizo: hewa ukaa ya China ilipungua kwa asilimia 7.3 kati ya mwaka 1996 na 2000. Ilikuwa habari kubwa. Nchi maskini yenye watu zaidi ya bilioni moja ilionekana kukua na kupunguza moshi kwa wakati mmoja, bila kulazimishwa na Kyoto.

Nyuma ya upungufu huo palikuwa na agizo la serikali la kufunga maelfu ya migodi midogo ya vijijini. Kwenye makaratasi ilifungwa. Ardhini mingi iliendelea kuchimba, na makaa yake yaliendelea kuuzwa na kuchomwa bila kuandikwa popote. Hajime Akimoto wa Japani na wenzake walilitazama jambo hilo kutoka juu. Walichukua vipimo vya setilaiti vya naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotoka pale fueli inapoungua kwa moto mkali, na mwaka 2006 wakaonyesha kwamba juu ya China gesi hiyo ilikuwa ikiongezeka katika miaka ile ile ambayo takwimu zilisema makaa yamepungua. Sensa ya uchumi ya mwaka 2004 nayo iliifanya ofisi ya takwimu ya China ipandishe namba za miaka iliyopita. Upungufu uliosherehekewa, kwa sehemu kubwa, haukuwapo.

Tatizo halikuishia hapo. China ina vitabu viwili vya nishati: kimoja cha taifa, na kingine kinachopatikana kwa kujumlisha taarifa za majimbo. Mwaka 2012 Dabo Guan na wenzake walivilinganisha vitabu hivyo kwa mwaka 2010. Kitabu cha majimbo kilitoa hewa ukaa zaidi kwa tani bilioni 1.4. Kiasi hicho kinazidi hewa ukaa yote ya Japani kwa mwaka mzima; ni kama nchi ya viwanda iliyokuwa imejificha katika pengo kati ya vitabu viwili vya serikali moja.

Mwaka 2015 yakatokea mambo mawili yaliyovuta pande mbili tofauti. Mwezi Agosti, Zhu Liu na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima makaa yenyewe: sampuli 602, pamoja na kumbukumbu za zaidi ya migodi 4,000. Waligundua kwamba makaa ya China yana kaboni kidogo kuliko ilivyodhaniwa, kiasi kwamba kizidisho chake kilikuwa chini ya kile cha jedwali la IPCC kwa karibu asilimia 40. Waligundua pia kwamba tani zilizochomwa zilikuwa nyingi kuliko takwimu za taifa zilivyosema, kwa asilimia kama 10. Makosa mawili yalikuwa yakifichana. Yalipowekwa sawa, hewa ukaa ya China ya mwaka 2013 ilikuwa chini kwa asilimia 14 kuliko makadirio yaliyokuwa yakitumika duniani. Kisha Novemba, wiki chache kabla ya mkutano wa Paris, ikajulikana kwamba takwimu mpya za China zimeongeza matumizi ya makaa ya miaka iliyopita, mwaka mwingine kwa hadi asilimia 17. Kwa mwaka 2012 peke yake ziliongezeka tani zipatazo milioni 600 za makaa.

Wengi waliposikia hayo walikimbilia neno udanganyifu. Mimi naona neno hilo linaficha zaidi kuliko linavyoeleza. Nchi yenye maelfu ya migodi na viwanda vidogo visivyojaza fomu itakosea hata ikiwa na nia njema kabisa. Na katika kisa hiki kizima waliopekua vitabu vya China kwa bidii zaidi walikuwa Wachina wenyewe. Guan na Liu ni wasomi wenye asili ya nchi hiyo, na sampuli zilipatikana kwa sababu migodi ilifunguliwa ili ipimwe. Shaka ilipungua kwa mikono ya wenyeji.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Katika pwani ya magharibi ya Ireland kuna kituo kiitwacho Mace Head, ambapo upepo wa Atlantiki huwasili ukiwa safi, na upepo ukigeuka hubeba hewa iliyopita juu ya miji. Kwa vipimo vya hapo na vya minara mingine, wanasayansi waliweza kurudi nyuma kwa hesabu za upepo na kukadiria gesi imetoka wapi. Walipoigeukia HFC-134a, gesi ya viyoyozi vya magari, wakakuta serikali inaripoti nyingi kuliko hewa inavyoonyesha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliifuata tofauti hiyo hadi kwenye dhana zilizokuwa juu mno, ikiwemo ya mara ngapi viyoyozi vya magari hujazwa gesi upya, na hesabu ya taifa ikarekebishwa. Nchi ilijikagua kwa upepo wake yenyewe, ikakubali kusahihishwa, na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Afrika ya Mashariki ina vituo vya aina hiyo viwili vinavyojulikana vizuri. Kimoja kiko kwenye Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, na kilianza kazi mwaka 1999. Kingine kiko kwenye kilima cha Mugogo, Rwanda. Ni vichache mno kwa eneo lenye ng'ombe, moto wa nyika na mkaa kiasi hiki. Kwetu, kazi ya kupunguza shaka ilibidi ianzie chini, zizini.

Nairobi, katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ipo maabara iliyopewa jina la Kiswahili: Mazingira. Watafiti wake, wakiongozwa katika kazi hii na John Goopy, walikwenda Nyando, magharibi ya Kenya, katika nchi inayopanda kutoka tambarare za Kisumu kuelekea vilima vya Kericho. Wafugaji wa huko wana ng'ombe wachache kila mmoja, wengi wakiwa zebu wadogo wanaokula majani ya kando ya njia na mabua ya mahindi baada ya mavuno. Watafiti hawakuanza na jedwali. Walimpima mnyama uzito, wakarudi kumpima tena msimu uliofuata ili kuona ameongezeka au amekonda. Walihesabu maziwa, wakahesabu umbali anaotembea, wakachukua malisho yenyewe na kuyapeleka maabara kuona yanameng'enywa kwa kiasi gani. Kutokana na nguvu anayoitumia mnyama wakajua amekula kiasi gani, na kutokana na alichokula wakakadiria methani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Dume mzima wa Nyando alitoa kati ya kilo 30 na 36 kwa mwaka, mahali ambapo dhana za IPCC kwa dume wa Afrika, zilizo nyuma ya wastani ule wa 31, zilisema 49. Jike mzima alitoa kati ya 23 na 28, mahali palipoandikwa 41. Kwa ndama namba zililingana: 15.7 dhidi ya 16. Malisho yalimeng'enyeka vizuri kuliko ilivyodhaniwa, na ng'ombe hawakuwa wakila hadi kushiba kama kanuni za mezani zinavyochukulia. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni hizo zilitungwa kwa kumfikiria mnyama ambaye hori lake halikauki. Aliyeziandika hakumwona ng'ombe wa kiangazi.

Waandishi wa utafiti ule waliandika onyo ninalotamani lisomwe na kila anayenukuu namba zao: zisichukuliwe tu na kupelekwa nje ya eneo lile. Walikuwa wa kwanza kusini mwa Sahara kutegemea vipimo vya wanyama wenyewe kwa namna hiyo, na hawakutaka 28 ya Nyando igeuke kuwa 31 nyingine.

Onyo hilo lilikuwa na maana, kwa sababu vipimo vilivyofuata havikuelekea upande mmoja. Maabara hiyo hiyo ilionyesha mwaka 2020 kwamba mnyama anayelishwa chini sana ya mahitaji yake hutoa methani nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula anachopata. Njaa ya mnyama ina gharama yake hewani pia. Kuhusu kinyesi, vipimo vya kwenye nyasi vilionyesha naitrasi oksaidi kidogo sana kuliko asilimia 2 ya naitrojeni iliyokuwa ikidhaniwa na mwongozo. Lakini Klaus Butterbach-Bahl na wenzake walipopima boma, yaani zizi la usiku ambamo samadi hurundikana mwaka hadi mwaka, wakakuta kinyume chake. Boma hutoa naitrasi oksaidi nyingi, na huendelea kuitoa kwa miongo kadhaa baada ya wafugaji kuhama. Wakakadiria kwamba maboma yanachangia karibu asilimia 5 ya naitrasi oksaidi yote ya Afrika inayotokana na shughuli za binadamu. Chanzo hicho hakikuwamo katika miongozo. Kila mfugaji anajua kwamba nyasi za boma la zamani hustawi kuliko za pembeni. Lakini jambo hilo halikuingia katika hesabu zetu kwa miaka yote ambayo zilikuwa zikijazwa.

Kwa hiyo anayetarajia kwamba kujipima kutaishusha namba ya Afrika kila mara atavunjika moyo. Kutaishusha hapa na kuipandisha pale. Kenya imekubali hivyo: kwa ng'ombe wa maziwa imekwisha kupanda ngazi ya pili, ikatoa hesabu ya mwaka 1995 hadi 2017 kwa vizidisho vya ng'ombe wake.

Tanzania imepitia somo lilo hilo kwa upande wa misitu. Tathmini kubwa ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyopeleka timu za wapimaji porini nchi nzima, ilikadiria kwamba nchi inapoteza hekta 372,816 za misitu kwa mwaka. Makadirio yaliyofuata, yaliyotumia picha za setilaiti na kipindi kingine cha miaka, yalitoa hekta 469,420. Vyombo vya habari hutumia namba moja leo na nyingine kesho kana kwamba msitu umebadilika katikati. Pishi ndiyo iliyobadilika. Sasa Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina kazi ya kuhakikisha hesabu za miaka yote zinafanywa kwa kipimo kimoja. Kazi hiyo haipigiwi makofi, lakini fedha za kaboni zinazosubiriwa na vijiji vyenye misitu zinaitegemea: mnunuzi hupunguza malipo pale shaka inapokuwa kubwa.

Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, na kanuni zake zilizokubaliwa Katowice, Poland, Desemba 2018, umeziweka nchi wanachama zote chini ya utaratibu mmoja. Zote zinatumia mwongozo wa mwaka 2006. Taarifa za kwanza zilitakiwa kufika kabla ya mwaka 2024 kwisha, na kila taarifa inapaswa kueleza shaka ya hesabu zake kwa namba. Nchi zinazoendelea zimepewa nafuu: zikikosa uwezo, zinaruhusiwa kuieleza shaka kwa maneno tu, bila kuikadiria.

Nafuu hiyo ilitolewa kwa nia njema, na kwa sekta ambazo hatuna takwimu kabisa tunaihitaji. Kwa ng'ombe hatuihitaji. Mizani ipo katika minada na machinjioni, na maofisa ugani wapo vijijini. Ninaziomba wizara za mifugo za Dodoma, Nairobi na Kampala ziagize uzito wa ng'ombe uandikwe kwa wilaya na kwa msimu, upelekwe kwa wanaojaza hesabu ya taifa, na kila mwaka namba ya methani ichapishwe ikiwa na kiasi chake cha shaka pembeni, mahali ambapo mwananchi anaweza kukisoma.